Trekta la Armand na Kura ya Adabu

Wiki iliyopita tulimwacha Bi. Eunice Farnham ameinua mkono juu, na katika mkono huo karatasi ya mwisho ya kura. Msidhani tumemwonea. Mkono bado uko juu, na sasa umeanza kutetemeka.

Kwa wale ambao wiki iliyopita walikuwa na udhuru, kama vile mitihani, harusi au uvivu, hali ni hii. Tuko ukumbi wa mji wa Upper Quimby, Ijumaa asubuhi. Kura za jimbo letu la uchaguzi, ambalo ni dogo hata mbwa wake wanajuana kwa majina, zinahesabiwa upya kwa mikono. Delphine Thibodeau, dereva mstaafu wa basi la shule, ana kura mia saba na mbili. Mwalimu Winslow Peaslee, aliyewafundisha aljebra nusu ya watu waliomo humu na kuwatisha nusu iliyobaki, ana mia saba na moja.

Imebaki karatasi moja.

Mbunge wetu hulipwa dola mia kwa mwaka. Kwa mwaka, nasema. Lakini huko mtandaoni, kwenye soko la utabiri, watu wa London na Singapore ambao hawawezi kuipata Upper Quimby hata wakipewa ramani na mbwa wa polisi, wamemwaga dola kwa maelfu juu ya kiti hicho. Unanunua tiketi ya Delphine. Akishinda, tiketi inakulipa dola moja. Akishindwa, haikufai hata kuwashia jiko. Na bei yake hupanda na kushuka kila dakika kama homa.

Katika safu ya tatu ameketi Armand, mume wa Delphine, anatokwa na jasho mwezi wa Novemba. Ninyi mnaijua siri yake, mkewe haijui. Bernadette, lile trekta jekundu ambalo Delphine aliachiwa na marehemu baba yake, haliko kwa fundi kama alivyoambiwa. Armand amemuuzia Harlan Cobb, na pesa zote amezitia kwenye tiketi za mkewe. Harlan, mtu wa neno lake, alimpa nafasi mpaka leo saa sita mchana: leta pesa, chukua trekta. Saa sita ikipita, Bernadette anakwenda jimbo jirani la Maine, na hapo ndoa itafuata njia gani mimi sijui.

Saa ya ukutani inasema tano na robo.

"Bi. Farnham," Armand akasema, "kwa heshima zote, mama, teremsha huo mkono kabla sijafa."

Bi. Farnham ametumwa kutoka mji mkuu kusimamia hesabu hii. Ni mwanamke wa aina ya matroni wa bweni letu: hata akipiga chafya, hupiga kwa mujibu wa kanuni. Akateremsha karatasi. Akaisogeza karibu na macho. Akaisogeza mbali.

"Alama imewekwa kwa wino wa zambarau," akasema.

"Wino tutauongelea Jumatatu!" Armand akalia. "Jina!"

"Imewekwa kwenye jina la Winslow Peaslee."

Mia saba na mbili kwa mia saba na mbili.

Kijana mmoja aliyekaa nyuma na simu mbili akaruka kama aliyekalia pini. Huyu ni Bryce, wa New York, aliyelipwa na wabetaji wakubwa aje kuwatazamia mambo kwa macho yake mawili. "Sare!" akapiga kelele kwenye simu ya kwanza. "Uza! Uza Thibodeau!" Kisha akatazama simu ya pili. "Delphine ameanguka! Kutoka senti tisini na nne hadi hamsini!"

Armand alitoa sauti ya baiskeli inayotolewa upepo.

"Nani?" akafoka akisimama. "Nani mji huu ana kalamu ya zambarau? Ajitokeze! Nitamfuata hadi chooni kwake!"

"Armand, keti," akasema Delphine kutoka meza ya wagombea. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Kalamu ya kituoni ilikauka. Nikatumia yangu, ile ya kuandikia lebo za jamu."

"Wewe ulimpigia Peaslee?"

"Ulitaka nimpigie nani?"

"Ujipigie wewe mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukaguna, na hawakumgunia Delphine. Walimgunia Armand. Hapa kwetu kujipigia kura ni sawa na mtu kujipigia makofi akimaliza kuimba kanisani. Mgombea mwenye adabu huingia kibandani, humpigia mpinzani wake, hutoka, hununua donati, basi. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za waliojenga ukumbi huu. Wabetaji wa London walihesabu mabango, wakahesabu umri wa wapiga kura, wakahesabu hata siku za theluji. Hakuna aliyehesabu adabu.

"Mama yangu alinifunza," Delphine akamaliza, "na baba yangu angenifukuza."

Kusikia baba ametajwa, Armand akaketi haraka.

"Hakuna lililoharibika," akatuliza mchungaji kutoka safu ya mbele, mtu mpole ambaye upole wake umewahi kusababisha ajali mbili. "Delphine alimpigia Mwalimu, na Mwalimu bila shaka alimpigia Delphine. Zimefutana. Sivyo, Mwalimu?"

Mwalimu Peaslee alikuwa akichunguza dari.

"Mwalimu?"

"Humu ndani kuna joto," akasema Mwalimu.

Nimekaa bweni miaka minne, wasomaji wangu watukufu. Ninaujua uso wa mtu aliyekutwa na biskuti ya mwenzake kinywani. Ndio huu.

"Winslow," akasema mkewe, Marjorie, polepole. "Nitazame mimi. Acha dari."

"Kulikuwa na foleni, Marjorie. Nilikuwa na haraka. Mkono uliteleza."

"Mkono uliteleza ukajaza kiduara kizima? Ndani ya mstari?"

"Siku zote nimekuwa na mkono mzuri."

"Miaka arobaini na miwili," Marjorie akauambia umma, "nimelala kitanda kimoja na mtu aliyejipigia kura." Akainuka, akachukua mkoba wake, akahamia kiti cha tatu kutoka kwake.

Minong'ono ikazagaa. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba huyu ndiye aliyempa sifuri mwaka wa sabini na tisa kwa kuchungulia daftari la jirani. Mwingine akasema afadhali angeiba kuku.

Mwalimu akasimama. Alikuwa mrefu, leo alionekana kukunjwa.

"Ndugu zangu, sistahili. Bi. Farnham, penye sare sheria inasemaje?"

Bi. Farnham hakuhitaji kufungua kitabu. "Mmoja akijitoa kwa hiari, mwenzake anatangazwa. Wote wakikataa kujitoa, jina la mshindi linachotwa kwa bahati nasibu."

"Basi najitoa."

"Delphine tisini na tano!" akapaza Bryce.

Armand akambusu jirani yake, ambaye ni kinyozi na hakuwa amezoea. "Asante Yesu! Asante Mwalimu! Bi. Farnham, andika, mama, andika!"

Bi. Farnham akaandika.

"Futa," akasema Delphine.

"Delphine?" Armand akasema kwa sauti ndogo.

"Siwezi kuchukua kiti cha mtu kwa sababu ya aibu yake. Mwalimu, ni wewe uliyenifundisha kugawanya. Kiti ni chako. Najitoa mimi."

"Delphine kumi na mbili!"

"Katu," akasema Mwalimu, akinyoosha mgongo kidogo. "Umeendesha basi kwenye barafu miaka thelathini. Mimi nimeshika chaki tu. Chukua wewe."

"Themanini na nane!"

"Usinilazimishe, Mwalimu. Wewe una mgongo mbaya, na viti vya bungeni vina mito."

"Kumi na tisa!"

"Na wewe una goti. Kule wana lifti."

"Themanini na moja! Hapana, subiri. Ndiyo, themanini na moja!"

"Nyumbani kwangu nitasema nini, kwamba nilimnyang'anya mwalimu wangu?"

"Na mimi nitasema nini, kwamba nilimkatalia mwanafunzi wangu?"

Bi. Farnham alikuwa anaandika na kufuta, anaandika na kufuta. "Naomba wagombea watambue," akasema bila kuinua kichwa, "kwamba serikali imenipa kifutio kimoja."

Armand alishindwa kuvumilia. "Delphine, kipenzi changu, mtu akikupa zawadi unasema asante!"

"Mtu akikupa zawadi, kwanza unakataa."

"Umekataa mara tatu!"

"Ya nne ni zamu yake."

Na huko Singapore, nadhani, bwana mmoja mwenye tai alikuwa anajiuliza mji huu unakaliwa na watu wa namna gani. Wenye adabu, bwana. Pole sana.

Hapo ndipo honi ilipolia nje.

Harlan Cobb hachelewi. Ukimwambia saa sita, saa sita kasoro dakika ishirini na tano ameshaegesha. Gari lake lilisimama mbele kabisa ya dirisha la meza ya wagombea, likivuta trela, na juu ya trela, jekundu kama pua ya mlevi, limefungwa kwa minyororo...

"Armand," akasema Delphine akitazama nje.

"Naam, mpenzi."

"Yule si Bernadette?"

"Wapi?"

"Juu ya trela ya Harlan."

"Matrekta mekundu ni mengi sana duniani, Delphine."

"Lina picha ya Mtakatifu Anne kwenye bawa la gurudumu. Niliibandika mwenyewe nikiwa na miaka tisa. Armand, trekta la baba yangu linafanya nini juu ya trela ya Harlan Cobb?"

Ukumbi ulinyamaza hivi kwamba tulisikia donati ikitafunwa. Kisha na donati ikanyamaza.

"Nimemuuzia," akasema Armand.

"Umemuuzia."

"Mpaka saa sita tu! Nikimrudishia pesa kabla ya saa sita, ananirudishia. Tulipeana mikono."

"Na pesa ziko wapi?"

Armand akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama kwingine. "Nimekubeti wewe."

"Umenibeti mimi."

"Yote. Kila senti."

Delphine hakupaza sauti. Watoto waliopanda basi lake watawaambia kwamba hapo ndipo pa kuogopa. "Nieleze kwa nini. Neno moja moja."

Armand akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Mwezi wa tisa nilikuwa kwa kinyozi. Watu wanacheka na simu. Nikauliza mnacheka nini, wakanionyesha. Imeandikwa Delphine Thibodeau, senti thelathini na moja. Nikasema thelathini na moja nini? Wakaniambia ndiyo bei yako. Yai la bata ni senti hamsini, Delphine. Mwanamke aliyebeba watoto wa mji huu miaka thelathini, hakupoteza hata glavu ya mtoto mmoja, wanamuuza chini ya yai. Nikanunua kidogo. Bei ikapanda, thelathini na mbili. Nikaona ninakutetea. Nikanunua tena, thelathini na tatu. Nikawa kila asubuhi ninakupandisha senti moja, unaenda zako kuchemsha jamu wala hujui. Mpaka nikakosa cha kuuza, isipokuwa yeye."

Akaelekeza kofia dirishani.

Delphine akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Mjinga wewe," akasema, kwa sauti ambayo wake wengine husemea "karibu mezani".

Kisha akageuka. "Wewe kijana wa simu. Mimi sasa hivi ni bei gani?"

Bryce akashtuka kuulizwa. "Eee... watu wamechanganyikiwa, mama. Arobaini na nne."

"Ngapi?"

"Arobaini na nne."

"Nimepewa kiti mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi, na bado ni arobaini na nne?" Akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni. "Chini ya yai la bata! Bi. Farnham, andika, na usifute. Nakichukua kiti."

Armand alipiga ukelele ambao kinyozi, kwa tahadhari, aliukwepa kwa viti viwili.

"Samahani," akasema Mwalimu Peaslee.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameinua kidole, macho yameelekea juu, midomo ikicheza. Ndivyo alivyokuwa akifanya mbele ya ubao.

"Kijana, ikiwa Delphine ni arobaini na nne kati ya mia, basi kwa kutoa, mimi ni..."

"Hamsini na sita, Mwalimu."

"Hamsini na sita," akarudia Mwalimu, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Kwa hesabu ya nani?"

"Ya dunia nzima. London, Singapore, Mumbai..."

"Mumbai! Nchi ya wanahisabati. Na hao wanajua kwamba nilijipigia?"

"Nimewaambia dakika ishirini zilizopita. Wanasema unaonyesha nia."

Mwalimu akakunjuka. Nilimwona kwa macho yangu akirefuka inchi mbili. "Marjorie, umesikia?"

Marjorie, bila kumtazama, alirudi kiti kimoja karibu.

"Bi. Farnham," akasema Mwalimu, "sijitoi tena."

"Hee!" akasema Delphine. "Na lile goti langu na lifti?"

"Tumia ngazi."

"Na aibu yako?"

"Imepita. Dunia imenisamehe."

"Mwizi wa kura!"

"Kura ilikuwa yangu, nitaiibaje?"

Ndivyo adabu ya Upper Quimby, iliyodumu miaka zaidi ya mia mbili, ilivyofariki saa sita kasoro robo, mbele ya watu themanini na sinia la donati. Tusimame dakika moja kuikumbuka. Basi, imetosha, muda wenyewe hatuna.

Bi. Farnham akagonga meza kwa kalamu. "Hakuna anayejitoa. Jina linachotwa sasa hivi. Nipeni chombo."

Wakampa kopo tupu la shira, ile tamu ya utomvu wa mti wa mepo. Akaandika majina mawili, akakunja vikaratasi viwili sawasawa, akavitumbukiza, akatikisa. Vikagoma kutikisika; kopo lilikuwa linanata. Akatikisa kwa nguvu zaidi.

"Sheria inataka mkono wa mtu asiye na maslahi," akasema. "Yeyote humu ndani ambaye hajabeti juu ya uchaguzi huu, anyooshe mkono."

Wasomaji, nimehudhuria gwaride la asubuhi siku ambayo mkuu wa shule aliuliza nani amepaka gundi kengele. Sijaona mikono ikitulia namna hii.

"Mchungaji?" akauliza Delphine.

"Kidogo tu," akasema mchungaji. "Paa la kanisa linavuja."

"Kinyozi?"

Kinyozi akakohoa.

"Marjorie, angalau wewe!" akasihi Mwalimu. "Wewe ulibeti? Kwa nani?"

"Usiniulize, Winslow. Bei yako ilikuwa ghali."

Saa sita kasoro dakika kumi. Armand alikuwa anatazama saa, anatazama dirisha, anatazama saa.

"Basi tusipoteze muda," akasema Delphine. "Bi. Farnham, chota wewe mwenyewe."

Bi. Farnham, mtumishi wa serikali kwa miaka thelathini na mmoja, mwanamke ambaye hajawahi kuvuka barabara pasipo na mistari, akatazama viatu vyake.



"Ilikuwa mwezi wa kumi," akaviambia viatu. "Sikuwa nimepangiwa kituo hiki. Tiketi ishirini tu."

"Mama yangu!" akasema mtu.

"Nani hakubeti, mji mzima huu?" Mwalimu akauliza kwa kukata tamaa.

"Yupo mmoja," akasema Delphine. "Harlan Cobb. Hana simu, hana kompyuta, na bingo ya kanisa anaiita dhambi. Armand, toka kamwite Harlan, na umwambie afungue minyororo tayari kwa sababu..."

Hakumaliza. Wote tulikuwa tumegeukia safu ya tatu.

Kwenye kiti cha Armand kulikuwa na kofia tu.

Vichwa themanini vikageukia dirishani. Harlan alikuwepo, amesimama kwenye theluji na kikombe cha kahawa kilichoinama, kahawa inamwagikia buti yake na yeye hana habari. Minyororo ilikuwa chini. Mbao za kushushia zilikuwa chini. Trela ilikuwa tupu. Na Harlan alikuwa anatazama, mdomo wazi, kule barabara inakoteremka mlima kuelekea daraja la mto, ambako kitu kimoja chekundu, na juu yake mtu asiye na kofia, kilikuwa kinazidi kuwa kidogo, kwa kasi ambayo trekta halina ruhusa ya kuwa nayo.

Delphine akasimama kwa kishindo hata kopo likaanguka mezani.

"Mungu wangu," akasema. "Bernadette hana breki."